Jino Lipi? Namba za Meno kutoka Sapiwi hadi Bugando

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Ng'ombe aliyekomaa naye ana meno 32. Idadi ni ile ile, lakini mpangilio hauna uhusiano: ng'ombe hana jino hata moja la mbele katika taya la juu, ana ufizi mgumu tu, na chini ana meno manane ya kukatia majani. Mfugaji wa Sapiwi, kata mojawapo ya wilaya ya Bariadi, hahitaji kitabu kulijua hilo. Mnadani humfunua dume mdomo, akatazama ni meno mangapi ya mbele yameshabadilika. Yakiwa mawili, mnyama ana kama miaka miwili. Manne, anaelekea mitatu. Sita, ameivuka mitatu. Yakitimia manane, ana miaka minne au mitano na kinywa kimejaa. Bei hupangwa kwa maarifa hayo.

Naanza na ng'ombe kwa sababu msingi wa jambo zima umo humo. Jino hujulikana kwa mahali lilipo na kwa zamu yake ya kuota, na anayezijua nafasi hizo husoma habari za mnyama mzima katika jino moja. Daktari wa meno hufanya kazi hiyo hiyo, ila yeye ana sharti moja zaidi: lazima aandike, na alichoandika kieleweke kwa mtu ambaye hajamwona mgonjwa. Kwa ajili hiyo meno yakapewa namba. Shida ni kwamba yalipewa namba zaidi ya mara moja, na watu tofauti, kwa mifumo isiyopatana.

Mfikirie mgonjwa anayeondoka Sapiwi na shavu limevimba. Zahanati zetu nyingi hazina mtaalamu wa meno; huduma hiyo kwa kawaida huanzia kituo cha afya au hospitali. Kwa hiyo atakwenda Bariadi mjini, na kama tatizo ni kubwa, safari itaendelea kupitia Lamadi hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kila hatua anakabidhi karatasi kwa mtu mpya. Karatasi ikiwa imeandikwa "gego la chini kulia", haijasema kitu. Upande huo mtu mzima ana magego makubwa matatu, na mbele yake magego madogo mawili ambayo watu wengi huyaita magego pia. Halafu, kulia kwa nani? Mtoa huduma amesimama akimtazama mgonjwa, na mkono wake wa kulia uko upande wa shavu la kushoto la mwenzake. Taaluma imekata shauri kwamba kulia daima ni kulia kwa mgonjwa, hata kwenye mchoro: upande wa kulia wa kinywa huchorwa kushoto mwa karatasi, kama unavyoonekana ukiwa umekabiliana naye. Mhudumu ambaye hakufundishwa kanuni hiyo anaweza kuandika kinyume kwa nia njema kabisa, na jino zima likang'olewa. Jino la mtu mzima likishatoka, haliji jingine.

Wa kwanza kutoa jawabu lililoenea alikuwa Adolf Zsigmondy, daktari wa Vienna, mwaka 1861. Aliugawa mdomo kwa msalaba: mstari mmoja wa wima unaopita katikati ya pua na kidevu, mwingine wa mlalo kati ya taya la juu na la chini. Zikapatikana robo nne. Katika kila robo, meno yalihesabiwa kutoka katikati kwenda nyuma, moja hadi nane. Moja na mbili ni meno ya mbele ya kukatia, tatu ni chonge, nne na tano ni magego madogo, sita, saba na nane ni magego makubwa. Namba huwekwa ndani ya kona ya msalaba kuonyesha robo yake. Miaka michache baadaye, mwaka 1870, Corydon Palmer wa Ohio, Marekani, akatoa mfumo unaofanana sana na huo, na kwa Kiingereza jina lake ndilo lililodumu. Meno ya utotoni, ambayo ni matano tu kila robo, yakapewa herufi A hadi E. Waingereza waliupenda mfumo huu na mpaka leo haujawatoka.

Uzuri wake ni kwamba unafuata maumbile. Sita ni gego kubwa la kwanza popote ulipo mdomoni, juu au chini, kulia au kushoto. Mwanafunzi akishajifunza robo moja amezijua zote. Udhaifu wake uko kwenye ile kona: huwezi kuipiga kwenye taipu ya kawaida, na huwezi kuitamka kwenye simu bila maelezo marefu.

Julius Parreidt wa Ujerumani alichukua njia nyingine mwaka 1882. Aliyahesabu meno yote mfululizo, 1 hadi 32, bila robo wala alama. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kiliupitisha mfumo wa namna hiyo mwaka 1968, na Wamarekani wanautumia hadi sasa. Namba 1 ni gego la mwisho la juu kulia; unazunguka taya la juu hadi 16 upande wa kushoto, unashuka hadi 17, kisha unarudi kwa chini hadi 32. Ni rahisi kuandika, lakini kwa maoni yangu ni mfumo unaouchosha ubongo bila faida. Magego makubwa ya kwanza manne, yaliyo ndugu kwa umbo na umri, yanaitwa 3, 14, 19 na 30. Hakuna kinachokuonyesha undugu wao, lazima ukariri.

Viktor Haderup wa Denmark naye alitumia alama za kujumlisha na kutoa, kujumlisha kwa taya la juu na kutoa kwa la chini. Ulikuwa mfumo wa akili sana, lakini nje ya nchi za kaskazini mwa Ulaya haukupata wafuasi wengi.

Uliotushika sisi ni ule uliopendekezwa na Joachim Viohl wa Berlin na kupitishwa mwaka 1970 na Shirikisho la Kimataifa la Meno, FDI, lililoanzishwa Paris mwaka 1900. Baadaye Shirika la Kimataifa la Viwango liliufanya kuwa kiwango chake, ISO 3950. Viohl alichukua robo nne za Zsigmondy, akaiondoa ile kona na kuweka tarakimu mahali pake. Robo ya juu kulia ni 1, ya juu kushoto ni 2, ya chini kushoto ni 3, ya chini kulia ni 4. Tarakimu ya kwanza inataja robo, ya pili inataja jino. Gego kubwa la kwanza la chini kulia ni 46, na husomwa nne-sita. Haisomwi arobaini na sita, kwa kuwa hizo ni habari mbili zilizokaa pamoja. Magego manne ya kwanza yanakuwa 16, 26, 36 na 46, na undugu wao uko wazi. Kwa meno ya utotoni robo zinaendelea kuhesabiwa 5, 6, 7 na 8 kwa mzunguko ule ule. Chonge cha utotoni cha juu kulia ni 53. Hakuna herufi wala alama ya ziada, na mashine yoyote inaziandika.

Hiyo tarakimu ya kwanza ndiyo ninayotaka wazazi waielewe kuliko jambo lolote humu, maana ndani yake kuna uamuzi wa maisha yote ya mtoto.

Mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma ya magego yake ya utotoni huota gego jipya kila robo. Halisukumi jino lolote. Halitanguliwi na kutoka damu wala jino kulegea, kwa hiyo nyumbani hakuna anayejua kwamba limekuja. Mzazi akiona limetoboka mtoto akiwa na miaka minane, husema, "Liache, ni la utotoni, litatoka lenyewe." Anakosea, na kosa lake linaeleweka: gego hilo limekaa bega kwa bega na gego la utotoni, na ukubwa wake haujamshangaza mtu. Kwa daktari, hata hivyo, hayo ni 85 na 46. La kwanza litatoka lenyewe mtoto akiwa na miaka kumi hadi kumi na miwili, na pengo lake litajazwa na gego dogo, 45. La pili halina mrithi. Likiisha, limeisha. Mama akiambiwa "hili ni nne-sita, ni la kudumu", anajua kwamba kuliziba leo ni bora kuliko kuling'oa mwakani.

Kuna habari nyingine ya watoto ambayo namba inaieleza kwa ukali zaidi. Sehemu mbalimbali za Tanzania, na za Afrika Mashariki kwa jumla, imekuwepo imani ya meno ya nailoni, au meno ya plastiki kama wengine wanavyoyaita. Kichanga akiwa na homa na kuhara, ufizi ukavimba pale chonge kinapojiandaa kuota, familia huambiwa kwamba jino baya limeingia. Mganga huuchana ufizi na kukichokoa kijino ambacho hakijakomaa, cheupe na laini, na ulaini huo huchukuliwa kuwa ushahidi. Mwaka 1992 watafiti Hiza na Kikwilu walichapisha uchunguzi wao kuhusu kijiji kimoja cha mbali nchini mwetu ambako watoto walikutwa hawana meno ya utotoni kwa sababu hiyo. Je, unajuaje kwamba pengo limetokana na kisu na si na kuoza? Unasoma namba. Mtoto ana 72, ana 74, yote mazima, 73 halipo. Upande wa pili ana 82 na 84, 83 halipo. Kuoza hakuchagui namna hiyo. Na chini ya 73 iliyochokolewa kulikuwa na mbegu ya 33, chonge cha kudumu ambacho kingeota miaka tisa au kumi baada ya kuzaliwa. Kwa wengine huota kikiwa na dosari, kwa wengine hakioti kabisa. Kichanga yule alikuwa na maradhi ya kuhara, na alichohitaji ni maji ya chumvi na sukari na kufikishwa zahanati mapema.

Namba husoma hata maji. Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Singida na Shinyanga, ambayo Bariadi ilikuwa sehemu yake hadi mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, ina maeneo yenye floraidi nyingi ardhini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa kupita kiasi wakati jino linaundwa ndani ya taya, jino huota na madoa meupe au ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki. Lakini meno hayaundwi kwa wakati mmoja. Vichwa vya 11 na 21 hujengwa katika miaka ya mwanzo kabisa ya maisha; vya 17 na 27 hukamilika mtoto akiwa na miaka kama saba au minane. Ukimkuta kijana ambaye meno ya mbele ni meupe na magego ya pili yana madoa, una sababu ya kumuuliza kama familia ilihama au ilibadilisha kisima alipokuwa na miaka minne au mitano. Andika tu "meno yana madoa" na habari hiyo yote inapotea.

Sasa nirudi kwenye mgongano wa mifumo, maana haupo vitabuni tu. Ndugu zetu walioko Marekani hutibiwa huko na wakija likizo huja na kumbukumbu zao. Karatasi ya Texas au Minnesota ikisema jino namba 14 linahitaji kazi, daktari wa huko amemaanisha gego kubwa la kwanza la juu kushoto. Kwa daktari aliyesomea Dar es Salaam, 14 ni gego dogo la juu kulia. Ni jino jingine, upande mwingine wa mdomo. Namba 11 kwa Mmarekani ni chonge cha juu kushoto. Kwetu ni jino la mbele la juu kulia. Namba 18 kwake ni gego la pili la chini kushoto. Kwetu ni gego la mwisho la juu kulia. Hatari iko kwenye namba ambazo mifumo yote miwili inazo. Mmarekani akiandika 3, daktari wa hapa atajua mara moja kwamba kuna jambo, kwa sababu mfumo wetu hauna jino la tarakimu moja. Akiandika 14, hakuna kengele itakayolia.

Hata ndani ya mfumo mmoja mkono huteleza. Anayetaka kuandika 46 akaandika 64 ametaja gego la utotoni la juu kushoto. Kwa mtu mzima kosa hilo linajifichua, kwa mtoto wa miaka saba halijifichui. Dawa yake ni ndogo, nayo ni kuandika namba pamoja na maneno: 46, gego kubwa la kwanza, chini kulia. Viwili hivyo vikipingana, mng'oaji asimamishe mkono na kuuliza.

Yapo pia mambo ambayo namba haiyawezi, na ni vizuri kuyasema. Gego 46 likishang'olewa, miaka ikipita 47 huinamia mbele na kulisogelea pengo. Daktari wa pili akihesabu kwa haraka ataliita 46. Mtu mwingine ana jino la ziada katikati ya mawili ya mbele, na orodha ya 11 hadi 48 haina nafasi yake, kwa hiyo lazima lielezwe kwa maneno. Tena pengo halina maana moja. Wamasai wengi wa zamani waling'olewa 31 na 41 kwa mila. Wajaluo, pamoja na wale wa mkoa jirani wa Mara, waling'olewa meno sita ya mbele ya chini. Mchoro wa mzee wa namna hiyo, ukisomwa na mgeni, unaweza kumfanya adhani ni ugonjwa wa fizi. Namba inasema jino halipo. Sababu lazima aandike mtu.

Hesabu yenyewe si ya asili kama inavyoonekana. Jirani na sisi, huko Olduvai, mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu la kale la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, likiwa na magego makubwa ya kustaajabisha. Wanaochunguza mabaki hayo hawatumii namba za hospitalini. Magego madogo mawili, yaani 4 na 5 za daktari, wao huyaita P3 na P4, kwa kuwa wanyama wa kale walikuwa nayo manne na katika ukoo wetu mawili ya mbele yalitoweka. Na madaktari wa mifugo wana namba zao za tarakimu tatu, ambamo chonge daima huishia na 04. Ng'ombe akihesabiwa kwa mfumo huo, jino la nne la mbele, lile la pembeni kabisa ambalo mfugaji hulingoja kwa mwisho, ni 304 kushoto na 404 kulia. Kwa asili ni chonge kilichojiunga na meno ya kukatia.

Kwa mtu aliyekufa na asiyetambulika, namba huwa ushahidi. Polisi wa kimataifa, Interpol, hutumia mfumo wa FDI katika fomu zake za maafa: ya manjano hujazwa habari za mtu alipokuwa hai, ya waridi hujazwa zilizoonekana kwenye mwili, na mezani hulinganishwa jino kwa jino. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 huko Thailand, meno yalisaidia kutambua sehemu kubwa ya wageni waliokufa. Sharti ni kwamba fomu ya manjano iwe na cha kujazwa. Sisi wa Kanda ya Ziwa tumezika waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Wengi wetu hatuna mahali popote palipoandikwa hali ya meno yetu, na mlango huo wa utambuzi kwetu umefungwa kabla ya msiba kufika.

Tanzania haipaswi kuwa nyuma katika hili. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa shule ya meno ya Dar es Salaam, akiwemo Jo Frencken, walianzisha njia ya kuziba jino bila umeme wala mashine: unakwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kujaza kwa saruji maalumu inayoshika kwenye jino. Ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono mwaka 1994. Leo inatumika duniani kote. Ilithibitishwa vipi kwamba inafaa? Kwa kurudi baada ya miaka na kulitazama jino lile lile, sehemu ile ile, kama kizibo bado kipo. Bila namba iliyoandikwa siku ya kwanza, hakungekuwa na wa kuthibitisha lolote, na njia iliyozaliwa kwetu kwa ajili ya vijiji kama vya Bariadi isingevuka mpaka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mfumo wa tarakimu mbili unatosha, haugharimu chochote, na kuujifunza ni kazi ya muda mfupi kwa muuguzi yeyote wa zahanati. Kinachokosekana ni mazoea ya kuiandika namba mahali ambapo mgonjwa mwenyewe anaiona. Inabaki kwenye rejesta ya hospitali, naye anarudi kijijini akijua tu kwamba "jino lilitolewa". Anakwenda hospitali nyingine mwaka unaofuata, na kila kitu kinaanza upya.

Ndugu msomaji, wewe wa Sapiwi, Dutwa au Lamadi, utakapotoka kwa daktari wa meno na daftari lako mkononi, lifungue kabla hujaondoka mlangoni. Omba iandikwe namba ya jino, jina lake kwa Kiswahili, upande wake, tarehe, na neno moja la kueleza kilichofanyika: limezibwa, limeng'olewa, au linasubiriwa. Kwa mtoto, omba pia uambiwe kama ni la utotoni au la kudumu. Daftari hilo ulitunze pamoja na kadi zake za kliniki.